Tume ya Taifa ya Taulo

Kioo cha gari la Mlezi wa Taifa kilikutwa na nyuzi, na Tindwa akachukuliwa.

Tatizo ni hilo. Mengine yote nitakayosimulia yalitoka humo.

Ilikuwa Siku ya Shukrani, siku ambayo sisi wananchi hujipanga kando ya barabara kumshukuru Mlezi, naye hupita akitupungia mkono kutujulisha kwamba shukrani zimefika. Hupita kioo kikiwa kimefungwa kwa sababu barabara zetu zina vumbi. Barabara zetu zina vumbi kwa sababu lami yake imehifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Televisheni ya Taifa ilikuwa inaonyesha moja kwa moja. Kamera ikasogea dirishani, Mlezi akatabasamu, na hapo kwenye kioo, sawasawa chini ya pua yake, pakaonekana uzi mweupe uliojipinda ncha zote mbili. Nyingine ndogo zilikuwa zimening'inia chini yake. Nchi nzima ikamwona Mlezi ana masharubu, na chini ya masharubu ndevu za mbuzi.

Hakuna aliyecheka. Taifa zima lilishikwa na kikohozi. Kikohozi kilianzia mtaa wa Bohari, kikafuatana na msafara mpaka Jumba Kuu, na jioni Wizara ya Afya ikatoa tahadhari ya mafua.

Msafara uliporudi gereji, askari wakauliza nani amefuta vioo vya kushoto. Mimi hufuta vya kulia na Tindwa hufuta vya kushoto. Tangu tuanze kazi pamoja tuligawana hivyo kwa sababu yeye hutumia mkono wa kushoto. Sababu nyingine hatukuwa nayo. Mlezi angeamka siku hiyo akapenda kukaa kulia, hadithi hii angeisimulia Tindwa.

"Ni mimi," Tindwa akasema. "Kuna nini?"

"Kuna nyuzi."

"Nyuzi za nini?"

"Hilo ndilo utakalotusaidia."

Akanipa kitambaa chake kikiwa bado kibichi. "Kaka, nishikie. Narudi sasa hivi."

*

Lazima nikieleze kitambaa chenyewe, maana huenda msomaji anatoka katika nchi yenye vitambaa.

Kwetu hakuna anayenunua tambara. Kila uchaguzi Chama hutugawia fulana zenye picha ya Mlezi kifuani. Fulana hiyo huvaliwa siku ya mkutano, hufuliwa mara moja, na baada ya hapo haimtoshi kiumbe yeyote. Ndipo inapoanza kazi. Tunafutia magari, tunafutia meza za hoteli, tunafutia mbao za shule na pua za watoto. Hata gereji ya Mlezi mwenyewe zinaletwa kwa marobota.

Lakini sisi si watu wasio na adabu. Huwezi kumpaka Mlezi matope ya tairi. Kwa hiyo kila mtu nchini, bila kufundishwa na yeyote, huikunja fulana picha ikae ndani, halafu hufuta kwa mgongo wa fulana. Mwalimu hufanya hivyo, na hata mlevi anayefuta bia aliyoimwaga hufanya hivyo.

Sasa, upande wa picha umepakwa rangi ngumu kama plastiki, hauachi kitu. Mgongo ndio unaonyonyoka. Tungekuwa watovu wa adabu, kioo kingebaki na michirizi ya maji lakini uzi kisingekuwa nao. Tulikuwa na adabu. Kioo kikapata nyuzi.

Hilo mimi na Tindwa tulilijua, na wafutaji wote wanalijua. Hakuna aliyewahi kulisema kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

*

Mke wa Tindwa anaitwa Nyamizi. Kazi yake ni kushona mito ya sufi, chini ya misufi ya Barabara ya Ushindi. Msimu ukifika matumba yanapasuka, yeye anaokota usufi, anachambua mbegu, anashindilia katika foronya za maua. Alikuja kwangu kichwa kimejaa usufi, kama aliyenyeshewa na mawingu yenyewe.

"Shemeji, mume wangu yuko wapi?"

"Wanasema yuko Nyumba ya Mashahidi."

"Amemshuhudia nani?"

"Uzi."

Akanitazama. "Uzi mmoja?"

"Na nyingine ndogo."

"Sasa uzi si wanao? Wauulize wenyewe."

Tukaenda wote mpaka getini. Chakula alichobeba kilirudishwa. Askari akasema shahidi halishwi na ndugu, shahidi analishwa na taifa. Nyamizi akamwambia taifa halijawahi kumlisha Tindwa hata lilipokuwa halijamfungia. Nikamkanyaga mguu. Lakini alikuwa amebeba pia mto, maana Tindwa halali bila mto wa sufi, shingo inamkaza. Mto ule askari aliupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akauweka katika mfuko wa nailoni, akaufunga kwa lakiri.

"Umeona?" Nyamizi akasema tukiondoka. "Si wabaya sana."

*

Wiki hiyo hiyo ikaundwa Tume ya Taifa ya Taulo. Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Mwonekano, Mheshimiwa Balozi Daktari Lukwambe, mtu mwenye sauti nzuri ambayo haijawahi kukatizwa.

"Ndugu zangu," alisema siku ya ufunguzi, "kioo ni nini? Kioo ni mpaka. Ni mpaka kati ya anayeongoza na wanaoongozwa. Adui akivuka mpaka hatumuulizi ana urefu gani wala unene gani. Uzi ni adui mwembamba. Na historia inatufundisha kwamba maadui wembamba ndio wanaopenya."

Tukapiga makofi. Nasema tukapiga kwa sababu nami nilikuwemo. Sheria inataka wananchi washirikishwe, kwa hiyo nikateuliwa mwakilishi wa wafutaji. Nilipewa kiti, chupa ya maji, na beji yenye jina la mtu mwingine. Kipaza sauti sikupewa, kwa kuwa vilinunuliwa kulingana na idadi ya shahada.

Kazi za Tume zilikuwa mbili: kujua nyuzi zilitoka wapi, na kuchagua taulo ya kufutia vioo isiyoacha nyuzi. Kazi zikikamilika, Tindwa ataachiwa. Hilo Waziri alilitamka kwa mdomo wake, mimi nikalibeba moja kwa moja mpaka kwa Nyamizi. Nilimwambia ni taulo tu, shemeji, mtu anachagua taulo asubuhi, mchana anakula.

Wajumbe wakaenda ughaibuni kujifunza. Mimi nilibaki kulinda viti. Walirudi na makoti ya baridi, na ndani ya makoti wakawa na taulo za mfano. Na lazima niseme ukweli: walijifunza. Mjumbe mmoja alisimama akaeleza vizuri kabisa. Taulo ya kioo iwe ya maikrofaiba, yaani nyuzi za kiwandani nyembamba kuliko unywele. Iwe imefumwa bapa, isiwe na vishungi virefu kama ya kuogea. Kingo zake ziwe zimekatwa bila kushonwa, maana uzi wa pindo ndio huanza kuchomoka. Lebo ing'olewe. Isifuliwe na nguo za pamba, itabeba nyuzi zao. Isitiwe dawa ya kulainishia nguo. Itumike moja ya kufutia maji na nyingine kavu ya kumalizia.

Nikapewa moja niijaribu kwenye mlango wa kioo wa ukumbi. Nikanyunyiza maji kidogo, nikafuta, nikamalizia na kavu. Kioo kikapotea. Naapa hakikuwepo. Mheshimiwa Lukwambe alipoinuka kwenda kupokea simu nje alipitia hapo hapo, na paji lake la uso likapiga kioo mpaka kengele ya moto ikalia.

"Hii ndiyo yenyewe," nikasema kwa sauti, maana nilifurahi. "Tumemaliza. Tindwa atoke."

Wajumbe walicheka kwa upole, kama mtu anavyomcheka mgeni aliyevua viatu mlangoni mwa benki.

"Ndugu Machela," Waziri akasema, barafu usoni, "hiyo ni taulo. Hatujapata bado taulo ya taifa."

*

Kabla ya taulo ya taifa ilibidi chanzo cha nyuzi kipatikane. Mjumbe wa upelelezi akaweka mezani mfuko wa nailoni wenye lakiri. Nikaufahamu. Ulikuwa mto wa Nyamizi, umepasuliwa.

Maelezo yake yalikuwa marefu, nayafupisha. Mfutaji analala juu ya usufi. Mkewe anashinda katika usufi. Usufi unatoka msufini. Misufi imepangwa kando ya Barabara ya Ushindi, barabara ambayo Mlezi hupita. Je, nani aliipanda? Wakoloni waliipanda. Kwa nini waliipanda kando ya barabara ambayo siku moja, baada ya wao kuondoka, Mlezi angepita? Mjumbe mmoja akasema "aisee" polepole.

Ikapendekezwa misufi yote ikatwe. Na Tindwa, ambaye usufi ulimtumia kama njia, aendelee kuhifadhiwa mpaka njia zote zijulikane.

Hapo nikasimama. Mimi si mtu wa kuongea vizuri. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimeongea zaidi na milango ya magari. Nikasema hivi:

"Waheshimiwa, miti mnaionea. Ni fulana. Zile fulana za kampeni zinanyonyoka mgongoni. Na sisi tunafuta kwa mgongo kwa sababu tunaikunja picha ya Mlezi ikae ndani, isichafuke. Ni heshima tu. Hata hapa ndani mhudumu amefuta glasi zenu kwa hizo fulana. Tazameni maji mnayokunywa."

Kila mtu akatazama glasi yake. Nyuzi zilikuwa zinaogelea humo, nyeupe, zimetulia. Kisha Waziri akainua glasi yake, akanywa maji yote mpaka chini, akajifuta midomo. Wajumbe wote wakanywa. Glasi zikarudishwa mezani tupu.

"Mchango mzito sana," Waziri akasema. "Katibu, umenukuu?"

Katibu akasoma: "Mwakilishi wa wafutaji amethibitisha kwamba shahidi Tindwa ana tabia ya kuikunja picha ya Mlezi wa Taifa."

"Sikusema hivyo!"

"Hukusema anaikunja?"

"Nimesema tunaikunja wote! Mimi naikunja. Mke wako nyumbani anaikunja. Nchi nzima inaikunja!"

"Ndugu Machela," Waziri akasema, na sauti yake ilikuwa nzuri kweli, "nchi nzima haikufuta dirisha la kushoto."

Wakapiga makofi. Jioni hiyo Tindwa akahamishwa kutoka Nyumba ya Mashahidi kwenda nyumba ya nyuma yake, ile isiyo na jina.

Nilimkuta Nyamizi chini ya msufi wake. Ulikuwa umekwisha kupakwa alama nyekundu, naye alikuwa anashona ameuegemea, alama iko juu ya kichwa chake.

"Umesema nini huko, shemeji?"

"Nimesema kweli."

Akakata uzi kwa meno.

"Nani alikutuma?"

*

Misufi ilikatwa. Ilikuwa msimu wa matumba, kwa hiyo kila mti ulioanguka ulipasuka, na usufi ukaruka juu ya mji mzima ukaingia madukani, hospitali, puani mwa watu, na zaidi ya yote kwenye vioo vya magari. Hatukuwahi kuona nyuzi nyingi namna ile. Tume ikasema huo ni ushahidi wa mwisho.

Sasa ikaja taulo ya taifa. Ile ya mfano ilikuwa nzuri, lakini haikuwa na picha, na kwetu mali yoyote ya serikali isiyo na picha ya Mlezi ni mali ya wizi. Basi ikadariziwa picha katikati kwa uzi wa dhahabu. Pembezoni, kwa sababu kingo zilizokatwa bila pindo zilionekana kama umaskini, zikashonwa shada za nyuzi za rangi za bendera.

Nikaitwa kutoa maoni kama mwakilishi. Nikasema uzi wa dhahabu utakwaruza kioo na shada zitanyonyoka. Katibu akaandika kwamba nimeunga mkono.

Kisha zikatungwa kanuni. Taulo isikunjwe, tukijua sasa yanayotokea watu wakikunja. Isifuliwe, maana sabuni itaingia machoni. Isikamuliwe, maana ni shingo. Isianikwe kwa vibanio, maana ni masikio. Ishikwe kwa mikono miwili, ifute kwa unyenyekevu, kutoka juu kwenda chini, na picha itazame mahali pasafi.

"Sasa pasafi patafutwa ya nini?" nikauliza.

"Ndiyo maana unyenyekevu umetajwa," Waziri akanijibu.

Siku ya uzinduzi kukawa na bendi. Waziri mwenyewe akakifuta kioo cha gari jeusi, mikono miwili, kutoka juu kwenda chini. Alipoondoa taulo, kioo kilikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu na nyuzi za rangi zote za taifa. Watu wakapiga makofi kwa sababu zilikuwa zinaonekana vizuri sana.

Usiku ule Tume ikafanya maamuzi mawili. La kwanza, taulo hii ni ya thamani mno kufutia chochote. Ikae makumbusho, ndani ya kabati la kioo. La pili, kwa kuwa nyuzi hukaa kwenye kioo, Mlezi apite kioo kikiwa kimeshushwa. Tume ikavunjwa kwa pongezi.

Siku ya Shukrani iliyofuata Mlezi alipita kioo kimeshushwa. Alikuwa mwekundu kwa vumbi tangu nywele mpaka tai, macho yamefumba, mkono unapunga kwa kukisia. Alikohoa njia nzima. Taifa safari hii halikukohoa. Lilimsikiliza.

*

Tindwa aliachiwa siku hiyo hiyo kwa msamaha. Alikuja kwa miguu, nikamwona tangu mbali nikadhani amebeba kitu ubavuni. Hakuwa amebeba kitu. Mkono wa kushoto ulikuwa umegandamana na mbavu, hautoki.

Tulikaa kwake. Nyamizi alikuwa akihangaika na vyombo, hataki tumwone uso. Tindwa alitusimulia kwa maneno machache. Walitaka kuuona uzi unavyotoka. Kwa hiyo walimpa kioo kimoja na fulana moja, na kila kukicha alifuta mbele yao, mkono ule ule, mpaka jua linazama. Uzi ukitoka wanasema, unaona, umeutoa wewe. Usipotoka wanasema, unauficha. Siku bega lilipokataa wakasema sasa anagoma.

"Ungewaambia ni fulana," nikasema.

"Niliwaambia. Wakasema hilo mjumbe wangu ameshalieleza vizuri zaidi."

Niliangalia chini.

"Usijali, kaka," akasema. "Ungesema msufi, lingekuwa msufi. Ungesema mvua, lingekuwa mvua."

Nyamizi akamletea maji. Alikipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku akichungulia ndani. Halafu akakiweka chini bila kunywa.

"Ni safi," Nyamizi akasema. "Nimechuja."

"Naamini," Tindwa akasema, na hakunywa.

Nilikuwa nimekuja na kile kitambaa chake. Aliniambia nimshikie, nikamshikia. Nikampa. Akakitandaza juu ya magoti kwa ule mkono mmoja, picha ikawa juu, imepauka. Akataka kukikunja, akasita. Akakigeuza, akakirudisha.

"Sasa kaka, siku hizi tunafutia upande gani?"

Nyamizi naye aliacha vyombo akasubiri. Gereji walikuwa wametukataza kukunja, na kumpaka Mlezi matope hakujaruhusiwa bado. Kazi yangu sasa ni makumbusho. Nafuta kabati la kioo lenye taulo ya taifa, na nalifuta kwa fulana, kwa kiganja, kwa pumzi, chochote kile kutegemea nani anapita. Ndani ya kabati, chini ya ile yenye shada, wameweka pia ile taulo ya kwanza, ya mfano. Haijafuta kitu tangu mlango ule wa ukumbi. Naiona kila siku, lakini ufunguo anao Waziri.

"Sijui," nikamwambia.

Kwa hiyo gharama ya kuchagua taulo katika nchi yetu ilikuwa hii. Misufi yote ya Barabara ya Ushindi, na kivuli chake. Biashara ya mito ya Nyamizi. Makoti ya baridi, ambayo hayajapata baridi. Paji la uso la Waziri, ambalo limepona. Taulo moja nzuri, imefungiwa. Na bega moja, la kushoto.